Damu ya sukari, lakini matanga je?
Makala inasema vijana wanaopiga filamu ya baba anayelipiza kisasi cha mwanawe hapa Kisumu wametenga fungu kubwa kwa damu bandia. Ya nini? Chemsha vikombe 2 vya sukari kwa kikombe 1 cha maji hadi inate, ipoe, tia rangi nyekundu ya chakula kidogo kidogo, kisha kijiko 1 cha kakao. Bila kakao, kwenye kamera huonekana kama sharubati. Ya kupaka nguo iongezwe sabuni ya maji ili ifulike, ila ya mdomoni isitiwe. Nunueni shati 3 zinazofanana, la sivyo tukio likirudiwa mmekwama. Usiku kando ya ziwa, taa zikiwaka, wadudu watanasa kwenye hiyo sukari.

Bastola za plastiki: OCS (mkuu wa kituo cha polisi) na mzee wa mtaa wajue mapema, kwa barua. Hapo hakuna mzaha.

Hadithi ndiyo inanitia shaka. Mtoto auawe Jumatatu, Jumanne baba yuko njiani na panga? Huku kwetu? Mwili uko mochari, mchango unaendelea, boma limejaa, na shangazi hamruhusu hata kufika lango bila kumuuliza anakokwenda. Tumieni hilo! Muuaji aje matanga, atoe mchango wake, anywe chai chini ya hema. Halafu panga lenyewe lipigwe nje ya picha, sauti iwe ya kabichi inayopasuliwa. Hivyo huenda bodi ya kuainisha filamu ikawapa daraja la umri wa miaka 16 badala ya 18.