Kipimo cha moyo cha mkononi, wa Pemba ndio wanaokihitaji zaidi

Nimesikia mara nyingi kwamba vifaa vidogo vya kupimia moyo nyumbani ni mambo ya Ulaya na Marekani, na kwamba sisi wa visiwani tungoje kwanza tutoshelezewe dawa na vitanda. Mimi siafiki. Mtu wa London aliye karibu na hospitali kubwa anaweza kuishi bila kifaa hiki. Mtu wa Kojani, kisiwa kidogo pembeni mwa Pemba, ambaye kabla ya kupanda gari kwanza avuke maji, ndiye ninayemfikiria.

Tatizo ni tabia ya ugonjwa wenyewe. Hitilafu nyingi za mapigo ya moyo huja na kuondoka. Moyo unakwenda mbio, unapapatika nusu saa, kisha unatulia kana kwamba hapakuwa na kitu. Mashine kubwa ya ECG ya hospitali, ile ya kubandikwa waya kifuani, mikononi na miguuni, huchora mapigo ya sekunde kama 10 tu. Ukifika pale moyo umeshatulia, karatasi inatoka safi na wewe unarudishwa nyumbani.

Shangazi yangu wa Konde, kaskazini mwa Pemba, aliishi hivyo muda mrefu. Msimu wa karafuu, watu wamekaa usiku wanachambua, yeye anasita ghafla, mkono kifuani: "Moyo huu, unanienda mbio." Jasho linamtoka usoni. Kukicha anapelekwa hospitali ya Chake Chake, na mpaka afike yuko mzima, mapigo sawasawa, anaambiwa ni uchovu, apunguze mawazo. Watu wakasema ana jini, akasomewa. Kusomewa sina neno nako, ni dua, na dua haimdhuru mtu. Kilichoniuma ni kuwa kila akieleza anavyojisikia haaminiwi, mpaka mwenyewe akaacha kusema.

Mwanawe aliyeko Maskati ndiye aliyemletea kifaa. Kidogo, chembamba, kinaingia kwenye mfuko wa shati, kina vibamba viwili vya chuma. Unaweka vidole vya mkono wa kulia kwenye kimoja, vya kushoto kwenye cha pili, unaegemeza mikono mezani, husemi, hutikisiki, na kwa nusu dakika simu inachora mstari wa mapigo yako. Siku ya kwanza mstari ulitoka umevurugika, hausomeki. Vidole vya shangazi ni vikavu na vigumu kwa kazi. Tukavilowesha kwa maji kidogo, tukavifuta, mstari ukakaa sawa.

Usiku mmoja moyo ulipoanza tena, mjukuu wake akamwekea kifaa pale pale kwenye mkeka. Safari hii vile vilele vya mapigo vilikuja bila mpangilio, viwili vimebanana, kimoja kimechelewa, na lile wimbi dogo linalotangulia kila pigo la kawaida halikuwepo. Daktari akiona mchoro wa namna hiyo hushuku fibrilesheni ya atiria, yaani vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kusukuma. Damu inatuama humo, inaganda, na bonge likisafiri mpaka kwenye ubongo ndio kiharusi. Mwenye hali hii yuko kwenye hatari ya kiharusi karibu mara 5 zaidi ya asiyekuwa nayo. Dawa za kuzuia damu kuganda hupunguza hatari hiyo kwa zaidi ya nusu. Lakini nani atamwandikia dawa hizo mtu ambaye kila karatasi yake inasema mzima?

Wala tusidhani ni maradhi ya wazee peke yao. Katika nchi kama zetu, mtoto anaweza kuumwa koo kwa bakteria, asitibiwe ipasavyo, na miaka mingi baadaye vali za moyo wake, yaani vile vilango vinavyopitisha damu, zikaharibika. Vali ikikaza, chumba cha juu cha moyo hutanuka, na mapigo huvurugika kwa mtu aliye bado kijana, pengine mama mwenye ujauzito. Kila nikifikiria wodi za wazazi za Pemba, hili linanikosesha usingizi.

Kupeleka mapigo ya mgonjwa kwa daktari aliye mbali, kwa njia ya simu, ni jambo la zaidi ya miaka 100. Mdachi Willem Einthoven, huko Leiden, alitengeneza mashine ya kuchora mapigo yenye uzito wa karibu kilo 270, ikihitaji watu 5 kuiendesha, na mgonjwa akitumbukiza mikono na mguu kwenye ndoo za maji ya chumvi. Haikubebeka kupelekwa hospitali. Basi akayaleta mapigo ya wagonjwa kwake kwa waya wa simu, umbali wa kama kilomita 1 na nusu. Mwaka 1924 akapewa Tuzo ya Nobel. Baadaye, miaka ya 1940, Mmarekani Norman Holter akaunda mtambo wa kubeba mgongoni wa kilo kama 38, na jina lake ndilo linaloitwa mpaka leo na madaktari wanapomvalisha mgonjwa kipimo cha saa 24. Kifaa cha AliveCor cha kutumia na simu kiliruhusiwa Marekani mwaka 2012, na saa ya Apple yenye ECG ikatoka 2018. Kwa hiyo mchoro wa shangazi kutoka Konde kufika kwa daktari aliyeko Mjini, Unguja, kwa WhatsApp si maajabu. Ajabu ni kuwa hatujaupangia utaratibu.

Kabla sijafika kwenye utaratibu, kuna jambo nataka lieleweke vizuri, kwa sababu mtu anaweza kufa kwa kutolijua. Kifaa cha vidole viwili kinautazama moyo kwa upande mmoja tu. Mashine ya hospitali inautazama kwa pande 12. Shambulio la moyo, mshipa wa moyo unapoziba, linaweza kupita bila kifaa kidogo kuliona hata kidogo. Kifua kikibana, maumivu yakipanda kwenye taya au mkono, pumzi ikikata, jasho la baridi likitoka, usikae kupima. Nenda hospitali, hata kama simu imeandika kwamba mapigo ni ya kawaida.

Jihadharini pia na saa za bei rahisi zinazouzwa kwa maneno kwamba zinapima moyo, presha na sukari bila kuchoma kidole. Februari 2024 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, FDA, iliwaonya watu wazi wazi: haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Mwenye kisukari akiziamini namba zile kwenye kuchoma insulini anaweza kuangamia. Hata kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni kina mipaka yake. Kinafanya kazi kwa mwanga kupita kwenye nyama ya kidole, na bibi harusi aliyetiwa piko kwenye ncha za vidole anaweza kupata namba isiyo sahihi. Muuguzi abane kidole kisichopakwa, au ndewe ya sikio kama kibanio kinaruhusu.

Na anayeuliza anunue nini ikiwa pesa ni ya kitu kimoja, namjibu mashine ya presha, ya kufunga mkono wa juu, ukanda uenee mkono wake. Presha ndiyo inayotumaliza kimya kimya, na ndiyo moja ya sababu kubwa za mapigo kuvurugika hapo baadaye. Pima umekaa dakika 5, mgongo umeegemea, kahawa ya barazani iwe imepita nusu saa. Andika kwenye daftari. Nyumbani, ikiwa wastani unafika 135 kwa 85 au kuzidi, mwone daktari.

Sasa utaratibu. Tulipoupeleka mchoro wa shangazi hospitali, mtu wa kwanza aliyetupokea hakutaka kuutazama. "Mambo ya simu hayo," akasema. Tulibembeleza mpaka akatokea daktari mwengine, akaukuza kwenye kioo cha simu, akahesabu nafasi kati ya vilele, akaagiza vipimo vyengine. Leo shangazi ana dawa zake. Huku nyuma mchoro ule ule ulikuwa umezunguka kwenye kundi la familia, kila mtu na ushauri wake, wa Maskati anasema hivi, wa Dar anasema vile, na mgonjwa anazidi kuingiwa na hofu. Mchoro ni siri ya mgonjwa. Unapaswa kwenda kwa mtu mmoja anayejua kuusoma.

Ninachotaka ni kwamba kila kituo cha afya cha shehia, kwa kuanzia wilaya ya Micheweni na visiwa vidogo, kipate kifaa kimoja cha kuandika mapigo, na wahudumu wa afya wa jamii wafundishwe kukitumia. Hao wahudumu tayari wanapita nyumba kwa nyumba na simu mkononi chini ya mpango wa afya ya jamii wa Zanzibar uitwao Jamii ni Afya, wanajulikana, milango wanafunguliwa. Mtu akisema moyo unamkimbia, aazimwe kifaa wiki mbili akae nacho, usiku kikiwa karibu ya mto. Upande wa pili awepo daktari wa zamu, hospitali ya Chake Chake au ya Mnazi Mmoja, Unguja, aliyepangiwa kazi hiyo rasmi, na muda wa kujibu ujulikane. Bila huyo wa pili tutakuwa tumegawa vyuma.

Na ndugu zetu wa Maskati na Uingereza, ambao kila wakirudi hutuletea manukato na simu, leteni vifaa hivi pia, lakini kabla ya kununua pigeni simu kituo cha afya cha kwenu muulize ni nani atakayeusoma mchoro.