Sijambo yenye alama 62

Nilikuwa nikisikia macho yangu yakitembea. Si fumbo. Nikitazama kushoto, sikio la kulia linapata mkwaruzo kama wa mtu anayeburura jamvi sakafuni. Nikitafuna mkate wa mofa, simsikii anayezungumza nami. Na adhana ilipoanza kwenye spika ya msikiti ulio mkabala na kwetu, Kibokoni, ukuta uliinama nami nikaushika, kana kwamba ukuta ndio utakaoanguka.

Miaka minne nilihangaika hivyo Mombasa. Nilipimwa presha, nikapimwa malaria, nikanywa kombe la zafarani aliloniandikia mwalimu wa chuo. Kila daktari aliniuliza, "Vipi, waendeleaje?" Nami nikajibu kama mtoto aliyelelewa: "Alhamdulillah, sijambo." Sitaki kuwatwika madaktari wa kwetu mzigo wote, maana mwongo nilikuwa mimi. Tumefunzwa kwamba anayeulizwa hali hana jambo, hata kama hajatoka kitandani wiki ya tatu. Ukianza kueleza, wewe mdeko. Mwenye mguu uliovunjika haidhuru, mguu utamsemea. Sikio la ndani halina wa kulisemea.

Huku Leicester, Uingereza, kabla sijamwona daktari mpasuaji, nesi alinipa karatasi na kalamu. Maswali 25, fomu iliyotungwa Marekani mwaka 1990 kwa wenye kizunguzungu. Ndiyo ni alama 4, mara nyingine 2, hapana 0. Mwisho wake 100. Kwanza nilicheka. Mtu ameumwa miaka minne, mnampa mtihani wa shule? Ukitazama juu huzidi? Kutembea gizani nyumbani ni tabu? Nikajaza haraka haraka mpaka nikafika kwenye swali kama maradhi haya yamewahi kunitia haya mbele za watu. Hapo kalamu ikasita. Nikaikumbuka harusi ya binamu yangu, ngoma zilipopamba moto nami nikapepesuka, na wazee wawili wakatazamana. Walidhani nimelewa. Hakuna daktari aliyewahi kuniuliza hilo, na mimi nisingelisema hata kwa fimbo. Nikaandika ndiyo.

Jumla ikawa 62. Sijambo yangu ya miaka minne ilikuwa na alama 62.

Picha ya CT ilionyesha tundu kwenye mfupa unaofunika mfereji mmoja wa mizani, yaani mmoja wa mifereji ya sikio la ndani inayomfanya mtu asiyumbe, ule wa juu. Sikio la ndani lina madirisha mawili. Tundu hilo linakuwa dirisha la tatu, na nguvu ya sauti inapenya kwenye mfereji wa mizani badala ya kuishia kwenye kusikia. Ndiyo maana kelele humyumbisha mtu, na sauti za mwili wake mwenyewe humrudia kwa kishindo. Maradhi haya yalielezwa mwaka 1998 tu, na daktari Lloyd Minor na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, kwa hiyo sishangai kwamba kwetu niliambiwa ni presha.

Kilichonishangaza ni kwamba picha haikutosha. Wapo watu wenye tundu kama hilo wasiohisi kitu, na kuliziba ni kupasuliwa fuvu juu ya sikio, na kusikia kwenyewe kunaweza kupungua. Basi cha kuamua kama kisu kinafaa ni namna mtu anavyoishi na maradhi, na hilo analijua yeye peke yake. Miezi sita baada ya kupasuliwa nilipewa maswali yale yale, nikapata 20. Waliotunga fomu walitaka alama zishuke angalau 18 ndipo nafuu ihesabiwe. Kama ile 62 isingeandikwa, ningesema tu alhamdulillah, neno lile lile nililolisema nilipokuwa hoi.

Kwa hilo nawapa Waingereza haki yao. Lakini fomu yao imekatwa kwa mwili mwingine. Inauliza habari ya kupita kati ya rafu za supamaketi. Haiulizi kushuka kwenye feri ya Likoni watu wakikusukuma, wala kuinuka kutoka sijida, wala matatu yenye muziki unaotikisa vioo. Tena wao neno moja la "dizzy" huwatosha kwa mengi. Sisi tuna kizunguzungu, kisunzi, kulewalewa, kupepesuka, na mamangu angekwambia tofauti zake huku akichambua mchele. Anayetaka kuileta Mombasa asiitafsiri ofisini. Akakae Marikiti na wenye maradhi yao.

Juzi nilimpigia simu khalati, ambaye sikio lake linavuma na hivi karibuni wamemtajia kupasuliwa. Nikamsomea maswali kwa Kiswahili nilichokiunga mwenyewe. Maswali manane ya kwanza yote yakapata jibu moja: "Sijambo, mwanangu, nashukuru." Nikaiweka karatasi kando.

"Khalati, siku hizi hupandi feri kwenda kwa Mwanaidi?"

Kimya. Nikadhani mtandao umekatika.

"Nani alokwambia?"