Mzigo wa Mwenzio ni Kanda la Usufi: Kumsoma Lettow-Vorbeck Kutoka Mombasa

Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alifariki Machi 1964, lakini kwenye kumbi za hoteli za Nyali yu hai bado. Nenda semina ya uongozi, subiri chai ya saa nne ipite, na usishangae ukimwona kwenye slaidi baina ya Napoleon na Rommel. Mkufunzi atakwambia kwamba Mjerumani huyu alipigana Afrika Mashariki tangu 1914 hadi 1918 na jeshi ambalo hata lilipokuwa kubwa kabisa halikuzidi watu 15,000 hivi, wengi wao askari Waafrika. Akawachosha Waingereza, Wahindi, Makaburu, Wabelgiji na Wareno, na hakusalimu amri mpaka vita vilipokwisha kwao Ulaya. Ukumbini, mameneja wa benki, wenye kampuni za klearingi na maafisa wa kaunti wanaandika kwenye madaftari: usikate tamaa.

Sina ugomvi na kumsoma. Ugomvi wangu ni kwamba anasomwa nusu, na nusu inayoachwa ndiyo inayotuhusu zaidi sisi watu wa bandari.

Tuanze na alilofanya vizuri, maana lipo. Mwisho wa Oktoba 1914 Jenerali Arthur Aitken wa Uingereza aliwasili Mombasa na msafara wa meli kutoka India, askari wapatao 8,000, na hapa hapa Mombasa ukafanyika mkutano wa mwisho wa kupanga namna ya kuiteka Tanga. Askari wake walikuwa wamekaa baharini majuma mazima, wengi hoi kwa kutapika. Aliambiwa angeweza kupewa askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, wanaoijua nchi na mapori yake. Akakataa. Kwake yeye, jeshi la Waafrika na Wajerumani wachache halikuwa la kuumiza kichwa. Manowari Fox ilipofika Tanga asubuhi ya tarehe 2 Novemba, nahodha wake aliutaka mji usalimu amri, kisha akaondoka kwenda kuita meli nyingine. Adui akapata nafasi ya kupakia askari kwenye treni kutoka Moshi, wakateremka hadi Tanga.

Lettow-Vorbeck naye alifanya nini? Usiku wa kabla ya pambano kubwa la tarehe 4, alipanda baiskeli akaingia mjini Tanga, mitaa mitupu, akaenda mpaka ufukweni kuzitazama meli za Waingereza zilivyowaka taa. Kamanda mzima, juu ya baiskeli! Kulipopambazuka alijua wapi minazi imesongamana, wapi pa kupangia bunduki zake za bombomu, na adui angetokea upande gani. Alikuwa na watu 1,000 hivi, na akashinda. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 800, waliouawa na waliojeruhiwa, wakarudi melini na kuacha bunduki kwa mamia na risasi 600,000. Watu hupenda kisa cha nyuki walioingia katika vita hivyo, na ni kweli waliingia, lakini nyuki wale waliwauma wa pande zote mbili.

Hilo la baiskeli nalikubali bila masharti. Wakubwa wengi wa mji huu huiona shughuli yao kwenye simu. Wanapigiwa wakaambiwa mambo yako sawa, nao wanaamini, kwa sababu kushuka mpaka getini kuna jua.

La pili alilofanya vizuri halitajwi sana, nami naliona kubwa kuliko la Tanga. Januari 1915 alishambulia ngome ya Waingereza ya Jasini, hapo tu ng'ambo ya Vanga. Waliokuwa ndani wakasalimu amri na kwenye vitabu ukaandikwa ushindi. Yeye akakaa chini akapiga hesabu. Risasi 200,000 zilikuwa zimekwenda katika siku mbili, na maafisa wazuri wamekufa, akiwamo swahibu yake Hammerstein. Pwani ilikuwa imefungwa na manowari za Kiingereza, risasi nyingine zitoke wapi? Aliona kwamba vita vya namna ile angeweza kuvimudu mara tatu zaidi, si zaidi ya hapo. Basi akabadili mtindo. Akaanza kutuma vikosi vidogo kwenda kulipua reli yetu, ile itokayo Mombasa kwenda Nairobi, katika nyika za Voi na Tsavo. Ni kiongozi adimu anayeshinda kisha akasema: ushindi huu siuwezi tena. Nimewahi kuona biashara nzuri mjini ikifa kwa kufurahia zabuni iliyoshinda kwa hasara.

Mpaka hapo mkufunzi na mimi tuko pamoja. Njia zinaachana tunapofika kwenye swali ambalo semina hairuhusu muda wake: aliyekuwa akilipa ni nani?

Koloni la Wajerumani lilikuwa na gavana, Heinrich Schnee, na huyo kwa utaratibu ndiye aliyekuwa juu ya kamanda. Schnee hakutaka vita viingie Afrika Mashariki. Alikuwa na mkataba wa Berlin wa 1885 wa kumtetea, uliotoa nafasi ya makoloni ya eneo hili kubaki nje ya vita vya Ulaya, na aliogopa kwamba kila kilichojengwa kingeteketea. Lettow-Vorbeck akampuuza. Lengo lake lilikuwa kuvuta askari wa Kiingereza huku ili wasipelekwe Ufaransa. Kwenye slaidi hilo huitwa ujasiri wa kufuata maono. Simtetei Schnee, alikuwa mkoloni kama mwenziwe. Lakini baina ya wawili hao, aliyetazama nchi waliyokuwa wakiikalia na kuuliza itakuwaje ni gavana. Kamanda aliitazama kama uwanja.

Sasa tupige hesabu yetu wenyewe, ile ya wapagazi. Nzi wa ndorobo waliua farasi na nyumbu, na barabara za magari zilikuwa chache, kwa hiyo vita vile vilibebwa kichwani. Mpagazi mmoja hubeba kama kilo 25. Yeye mwenyewe anahitaji karibu kilo moja ya chakula kwa siku. Mpeleke safari ya siku kumi na mbili kwenda na kumi na mbili kurudi, na mzigo wote umeishia tumboni mwake, jeshi halijapata hata kibaba. Njia za kutoka ni mbili. Unaongeza wapagazi wa kubeba chakula cha wapagazi, au unawapunguzia posho. Majeshi ya pande zote yalifanya yote mawili. Na Mjerumani, aliyekuwa akirudi nyuma kila mwezi, alikuwa na njia ya tatu: chukua kwenye maghala ya wanavijiji unakopita, na usichoweza kukibeba usimwachie anayekufuata.

Daktari mmoja wa jeshi lake, Ludwig Deppe, aliandika kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala matupu na njaa. Huyo ni mtu wao. Katika Ugogo njaa ya miaka ile ilipewa jina, Mtunya, na wazee waliihesabia miaka ya kuzaliwa kwa watoto wao. Wanaokadiria vifo vya raia katika koloni la Wajerumani hutaja watu 300,000. Upande wa Waingereza, wapagazi waliokufa wanahesabiwa kukaribia 100,000, wengi kwa kuhara damu na unga ulioiva nusu, si kwa risasi. Upande wa Lettow-Vorbeck hawakuandikwa.

Kuna msemo wetu kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Siujui msemo mwingine unaomweleza jemadari huyu vizuri zaidi. Kila anaposifiwa kwamba alitembea kilomita maelfu bila kuchoka, mimi hukumbuka kwamba mikono yake ilikuwa mitupu.

Hapa Mombasa hatuna udhuru wa kusahau. Pale Jomo Kenyatta Avenue, katikati ya matatu na wauza mitumba, imesimama sanamu ya askari. Maandishi yake yanawataja askari, kisha yanawataja wachukuzi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Maneno mazuri. Pia yanaahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wana wako watalikumbuka jina lako. Soma kuta zote za mnara huo ukiniletea jina la mchukuzi mmoja. Na hao ni wa upande ulioshinda! Katika British East Africa, yaani Kenya ya leo, amri za 1915 ziliwaruhusu wakubwa kuwachukua vijana kwa nguvu, na mwaka 1917 likaja sombasomba kubwa lililopita vijijini kama panga. Kuna familia ambazo kijana wao alikwenda akakatika, na mshahara wake haukurudi nyumbani.

Nikisema haya barazani huambiwa namwonea marehemu, zama zile kila jemadari alikuwa hivyo. Ami yangu mmoja, shabiki mkubwa wa habari za vita, huniambia, "Mwanangu, askari wake walimpenda. Mtu hapendwi bure." Ni kweli walimfuata wengi. Alikula nao shida, alijua Kiswahili, aliwaamini kazi ambazo Aitken asingeweza hata kuota kumwamini Mwafrika. Lakini pia wengi walitoroka kadiri vita vilivyoendelea, na mtu huyu kabla ya kuja kwetu alikuwa ofisa katika vita vya kuwaangamiza Waherero huko Namibia, chini ya Jenerali von Trotha. Ujerumani yenyewe imeyaondoa majina yake kwenye kambi na mitaa kadhaa. Semina zetu hazijapata habari.

Alisalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya. Alikuwa na Wajerumani 155, askari 1,168, na wapagazi wanaokaribia 1,500. Mwaka uliofuata akaandamana kwa shangwe Berlin. Askari wake walibaki wakidai. Ilipofika 1964, mwaka aliokufa, bunge la Ujerumani Magharibi likakubali kuwalipa waliobaki. Inasimuliwa kwamba Mwanza wazee walijitokeza kwa mamia, wengi hawana karatasi yoyote, basi kila mmoja akapewa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki, na hakuna aliyekosea. Watu hukisimulia kisa hiki kwa machozi ya furaha. Mimi hujiuliza mpagazi angepewa nini mkononi athibitishe. Kubeba gunia hakuna gwaride.

Kwa nini nasema ni letu sisi? Kwa sababu mji huu umesimama juu ya shingo za mahamali. Kabla ya kontena, kila gunia lililoshuka Kilindini lilipita mgongoni mwa mtu, na leo nenda Marikiti au Kongowea alfajiri uone mikokoteni ya viazi inavyosukumwa. Januari 1947 wafanyakazi wa bandari na wa reli, pamoja na wengine wengi, waligoma mpaka mji ukasimama, na serikali ya kikoloni ikashangaa kama mtu aliyegundua leo kwamba ana miguu. Nami nimekaa kwenye mikutano, katika kampuni nitakayoiacha bila jina, ambamo mkubwa alisimama akatangaza kwamba hatutapunguza kasi, sisi si watu wa kushindwa. Makofi. Maana yake ilikuwa kwamba vibarua wa godauni wangefanya zamu mbili mwezi mzima wa Ramadhani bila nyongeza. Yeye mwenyewe alifuturu kwake kila siku. Uvumilivu wa kiongozi ni kitu rahisi sana ukiwa na watu wa kuuvumilia kwa niaba yako.

Kwa hiyo, ikiwa lazima vita vile vitupatie mtu wa kumsoma, mimi ningependekeza jina ambalo halimo kwenye slaidi yoyote: Oscar Watkins, ofisa wa Kiingereza aliyewekwa kuongoza Carrier Corps, kikosi cha wapagazi kilichotuachia jina la Kariakoo. Naye alikuwa mtu wa dola, na watu wake walikufa kwa maelfu kwa maelfu chini ya uongozi wake, hilo haliondoki. Lakini vita vyake yeye alivipigana na wakubwa wake mwenyewe. Aligombana nao juu ya mablanketi, juu ya chakula kinacholika, juu ya hospitali za wapagazi, juu ya kumwandikisha kila mmoja ili malipo yake yajulikane ni ya nani. Majenerali walimwona msumbufu. Mkufunzi akitaka kuniita siku moja nizungumze Nyali, nitamchukua huyo, na nitaomba mahamali wa hoteli waliotupakulia viti waingie wakae nasi.