Mvua Inasingiziwa Bure

Mwambie mtu kwamba unarusha sauti hewani kwa mwanga wa leza, bila waya, na swali lake la kwanza litakuwa: "Na mvua ikinyesha?" Naona mvua inasingiziwa. Adui hasa ni ukungu.

Tone la mvua ni kubwa, milimita 1 au 2, na kati ya tone na tone kuna nafasi tele. Mwanga unapungua, ila mwingi unapenya. Vitone vya ukungu ni vya maikromita chache tu (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), vimejaa kila mahali, na kila kimoja kinautawanya mwanga pembeni. Kwa kipimo cha kawaida, jicho hufika mwisho wa kuona pale inapobaki asilimia 2 ya mwanga. Sasa piga hesabu: ukungu unakuruhusu kuona mita 200, na leza yako inatakiwa kuvuka kilomita 1. Asilimia 2 ya asilimia 2, mara 5 mfululizo. Inayofika ni sehemu 1 kati ya milioni 300 hivi! Kuongeza nguvu ya leza mara 10 hapo ni kutwanga maji kwenye kinu, na kubadili nyekundu kwa kijani hakusaidii kitu. Bora uwe na redio ya akiba.

Halafu kuna jua, ambalo hakuna anayeliuliza. Mwaka 1880 Alexander Graham Bell, yule wa simu, na msaidizi wake Charles Sumner Tainter walituma sauti mita 213 mjini Washington, na mwanga wa jua ndio uliobeba maneno. Kwangu jua ni mharibifu. Nilifunga leza ndogo nyekundu upande mmoja wa uwanja na kipande cha sola kilichounganishwa na spika upande wa pili. Asubuhi muziki ulisikika vizuri. Saa sita mchana, anga jeupe bila wingu, doa jekundu likaanza kuchezacheza juu ya sola kama linatafuta pa kutokea: hewa iliyopata joto ardhini ilikuwa inaupinda mwanga huku na huku. Sola nayo, kwa kumezwa na jua, haikuitambua tena leza. Nikaivisha sola mrija wa karatasi nyeusi ili ione upande mmoja tu. Muziki ukarudi, umekwaruza. Kwa doa kucheza sikupata dawa, nikangoja jioni.