Simu inanisomea, lakini herufi ninazitaka chini ya kidole

Mwaka juzi mzee mmoja kipofu kutoka Ubelgiji alifikia kwenye nyumba ya wageni ya parokia, huku kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo, akakaa majuma mawili. Alikuja na mashine yenye ukubwa wa redio ya kaseti. Akanichukua mkono wa kushoto, akaniwekea kidole cha kuonyeshea ndani ya kishimo chake. Mkono wa kulia akanishikisha kamera ndogo, tukaipitisha taratibu juu ya gazeti. Kidole kikaanza kutekenywa: mstari uliosimama, kisha matao mawili yakifuatana.

"Hiyo ni m," akasema.

Mimi nilizaliwa sioni. Nukta sita za Braille ninazo vidoleni tangu utoto. Lakini m yenu, ile ya mabango ya Nyawera na ya kwenye noti, nilikuwa sijawahi kukutana nayo.

Mashine hiyo inaitwa Optacon. John Linvill, profesa wa uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Stanford, aliibuni kwa ajili ya binti yake Candy, aliyepofuka akiwa mdogo. Ilianza kuuzwa mwaka 1971. Ina pini 144, safu 6 zenye pini 24 kila moja. Penye wino pini zinatetemeka, peupe zinatulia. Yenyewe haisomi chochote. Inakuletea umbo, kusoma ni kazi yako. Mwaka 1996 ikaacha kutengenezwa, maana kompyuta zilikuwa zimeshajua kusoma kwa sauti.

Wanaosema haikuwa hasara wana hoja. Wengi walioizoea walisoma maneno 30 hadi 60 kwa dakika, na simu yangu inamaliza ukurasa mzima mimi nikiwa bado kwenye mstari wa pili. Simu siiachi. Ila simu inaniambia kile inachodhani imekiona. Sauti yake ni ya Kifaransa, basi "chai" inakuwa "she", na bei zilizopangwa kwa safu inazimwaga zote pamoja kama maharage. Kipi kimeandikwa kikubwa, kipi kimepigiwa mstari, nani ametia sahihi na wapi: hayo hayanifikii.

Papa, yaani baba yangu, alipofariki, tulikaa kifamilia kuzungumzia parseli yake, kiwanja chake cha Kadutu. Karatasi ikapita mkono kwa mkono. Ilipofika kwangu simu ikasoma maneno, ikafika chini, ikanyamaza. Mpwa wangu akasema hapo kuna muhuri na sahihi ya koko, yaani babu yake. Basi, mazungumzo yakaendelea.

Kesho yake nilimpelekea mzee ile karatasi. Upande wa chini nikapata ukingo wa muhuri, unapinda, unapotea, unarudi. Halafu sahihi ya papa. Inaanza kwa kubanana, inapanda, inafunga kitanzi, na mwishoni anaachia mkia mrefu unaoshuka chini ya jina lote. Niliurudia ule mkia mpaka kidole kikafa ganzi. Ndugu zangu wote waliujua tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kunieleza. Nani angefikiri kueleza kitu kama hicho?

Ndiyo maana ninawaomba wanaotutengenezea vifaa wasiishie kuuliza kama kipofu amepata maneno. Vibao vya pini sasa vipo. Dot Pad ya Korea Kusini ina pini 2,400, na picha inapanda juu yake ukaipapasa kwa mikono miwili. Lakini bei yake mwalimu wa Bukavu haiwezi. Wafadhili wanapotuletea simu, tunashukuru, na hivyo vibao pia tunavihitaji, hata kimoja tu kwa shule moja, chenye betri ya kustahimili siku ambazo umeme haupo.

Mzee aliondoka na mashine yake. Mpwa wangu sasa ananichorea sahihi ya koko kwa gundi, ikikauka, ninaipapasa. Kitanzi amekipata. Mkia bado anaukatisha mapema, ninamrudisha.