Komiki Zisizo na Rangi Zinaonewa

Kwenye meza za vitabu vya mitumba mjini Arusha, kitabu kinene cha Essential cha Marvel au Showcase Presents cha DC, mikusanyo ya komiki za zamani iliyochapwa bila rangi, hukaa siku nyingi bila kupata mwenyewe. Mteja hukifungua katikati, akaona mistari myeusi mitupu juu ya karatasi ya gazeti, akakirudisha na kuuliza kama kipo chenye rangi. Hoja yake ina uzito na tutaifikia. Lakini kwa mtu anayetaka kuzisoma komiki za zamani za mashujaa, si kuzipamba kabatini, mara nyingi anachokirudisha ndicho kilichomfaa kuliko vyote mezani.

Chukua Fantastic Four, komiki ya Marvel ya kundi la mashujaa wanne, toleo la 41 hadi la 63, yaani 1965 hadi 1967, mchoraji Jack Kirby na mwandishi Stan Lee walipokuwa kwenye moto wao. Ndani ya matoleo hayo wanaingia wahusika Galactus, mla sayari, na mtumishi wake Silver Surfer, kisha shujaa Black Panther katika toleo la 52. Juzuu ya 3 ya Essential inayabeba yote 23, na matoleo mawili ya ziada ya kila mwaka (Annual) juu yake. Ukitaka yaleyale katika Marvel Masterworks, zile za rangi na jalada gumu, juzuu ya 5 inakomea toleo la 50, ya 6 inakomea la 60, na ya 7 utainunua ili upate matatu yaliyobaki. Vitabu vitatu kwa kimoja. Kwa anayeagiza mzigo kutoka nje na kulipia kwa kilo hadi umfikie Moshi, hiyo si tofauti ya kupuuza. Zile Omnibus, mikusanyo mikubwa ya rangi yenye jalada gumu, zinakusanya mengi pia, ila moja huweza kupita kilo mbili, na kuisoma kitandani ni adhabu ya viganja.

Hesabu hiyo inagusa hata namna hadithi inavyosomeka. Kisa cha Galactus hutajwa kuwa ni matoleo ya 48 hadi 50, na wanaokusanya "visa bora" hukikata hapohapo. Fungua lenyewe toleo la 48: kurasa za mwanzo bado zinamalizia kisa kilichotangulia, cha jamii ya Inhumans. La 50 nalo, Galactus anaondoka kabla kurasa hazijaisha, na zilizobaki zinamfuata Johnny Storm, mmoja wa wale wanne, akianza chuo. Kirby na Lee walikuwa wakisuka mkeka mmoja, mwezi baada ya mwezi. Mkusanyiko wa visa teule unakukatia kipande cha mkeka. Kwa hiyo kabla ya kutazama jalada, tafuta ukurasa wa mwanzo wenye haki za uchapishaji, ambako hutajwa matoleo yaliyomo. Namba zikifuatana bila pengo, umepata mfululizo. Zikirukaruka, hayo ni machaguo ya mhariri.

Sasa rangi yenyewe. Kirby hakupaka rangi kurasa hizi. Alichora kwa penseli, mwingine akatia wino, na rangi zikaja mwisho, kutoka kwenye orodha fupi iliyoruhusiwa na mitambo ya wakati ule, zikachapwa kwa vitone juu ya karatasi duni iliyonyonya wino na kuufifisha. Rangi hizohizo zikipigwa leo bapa juu ya karatasi nyeupe inayong'aa, njano inapiga kelele na uso wa mtu unakuwa kama plastiki. Katika mikusanyo ya awali ya kifahari baadhi ya kurasa zililazimika hata kuchorwa upya, kwa kuwa nakala safi za mwanzo hazikupatikana. Ukiondoa rangi, unabaki na kazi ya mkono. Tazama mistari inavyobadilika Joe Sinnott anapoanza kumtilia Kirby wino mfululizo kuanzia toleo la 44: chuma kinang'aa kweli, nyuso zinapata uzito. Kwenye rangi kali jicho linapita tu. Doctor Strange, mchawi aliyechorwa na Steve Ditko, anafaidika zaidi, kwa sababu zile dunia zake za ajabu zimejengwa kwa mstari. Na msomaji aliyekua na Ndumilakuwili na Lodi Lofa wa jarida la Sani hana sababu ya kudai kwamba mchoro bila rangi haujakamilika.

Upande wa pili una nguvu mahali maalumu. Hulk, lile jitu la Marvel, alikuwa wa kijivu katika toleo lake la kwanza la 1962, akawa kijani katika la pili. Bila rangi mabadiliko hayo huyaoni. Legion of Super-Heroes ya DC ni kundi la vijana wengi wenye nyuso zinazofanana, na rangi za mavazi ndizo zinazokuambia nani ni nani. Stan Goldberg, aliyepanga rangi za mashujaa wengi wa Marvel miaka ya 1960, alikuwa fundi kamili, na kusema kazi yake ni pambo tu ni kumkosea. Zaidi ya hayo, Essential zilikoma 2013 na Showcase Presents baada yake, hivyo zimebaki za mitumba tu. Anayetaka kitabu kipya cha rangi kwa bei ya wastani ana Epic Collection ya Marvel, au DC Finest iliyoanza 2024. Epic isimchanganye: namba iliyo mgongoni hufuata mpangilio wa hadithi, si wa kuchapishwa. Kukosa juzuu ya 2 huku ya 7 ipo ni kawaida.

Karatasi ya gazeti inageuka njano, hilo halina ubishi. Iweke mbali na dirisha. Lakini masika ya Aprili yakivujia rafuni, karatasi inayong'aa ndiyo inayoumia zaidi: ikilowa na kukauka imefungwa, kurasa hugandana, na ukizivuta zinachunana. Ya gazeti huvimba na kujikunja, ila huachana. Isimamishe kivulini ikiwa imetanuliwa, ukiweka tishu kila baada ya kurasa kama ishirini, na uzibadilishe zikilowa.

Udhaifu wake halisi uko mgongoni. Vitabu hivi vimeunganishwa kwa gundi, havikushonwa, na gundi ikizeeka hukauka. Mezani, usikibwage wazi katikati. Kishike kwa mgongo, fungua kurasa chache kutoka mwanzo, chache kutoka mwisho, ukisogea ndani taratibu, huku ukitazama kati ya ukurasa wa 200 na 300. Ukiona ufa mweupe wa gundi hapo, punguziwa bei au kiache, kwa sababu kurasa za upande mmoja wa ufa zitaanza kutoka kabla hujamaliza kukisoma mara ya pili.