Mpime mtoto mapajani mwa mama yake

"Ndiyo, musawo." Musawo ni mhudumu wa afya kwa Kiganda, na hilo ndilo jibu ninalopewa kila nikimuuliza mama aliyejifungua jana kama ameelewa. Hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini magharibi mwa Uganda, nimelisikia hadi nimeacha kuliamini. Akina mama wengi wametoka Kongo, Kiswahili chao ni cha Kivu na changu ni cha darasani, lakini tunasikilizana vizuri tu. Tatizo ni saa tunayochagua: mizigo imeshafungwa, boda anangoja nje, ndipo tunapomwaga dalili zote za hatari kwa pumzi moja.

Na somo lenyewe tulishalificha asubuhi, tulipombeba mtoto hadi mezani, tukampa mama mgongo, tukapima na kuandika kimya kimya.

Mimi siku hizi nampima mtoto mapajani mwa mama. Namfunua sehemu moja moja, maana hupoa upesi. Pumzi tunazihesabu pamoja dakika nzima, macho tumboni. Ukihesabu nusu dakika na kuzidisha utajidanganya, kichanga hupumua kwa kusitasita. Kawaida ni 30 hadi 60. Asiye na saa nyumbani namwonyesha mahali pa kutazama: chini ya mbavu, pasibonyee kila anapovuta hewa.

Manjano, yaani ngozi na macho ya mtoto kugeuka njano, ndiyo kazi. Ngozi yetu nyeusi huyaficha, na taa ya wodini hudanganya hata wauguzi wazoefu. Basi nawapeleka dirishani. Nabonyeza ncha ya pua kwa kidole, naachia, tunaangalia rangi kabla damu haijarudi. Kisha macho, fizi, viganja, nyayo. Manjano ya siku ya tatu huwapata wengi na mara nyingi hupita. Yakitokea kabla mtoto hajatimiza saa 24, au yakifika viganjani na nyayoni siku yoyote ile, ni kurudi kituoni hata usiku.

Kitovu hakinichukui muda: kikae kikavu, kisipakwe majivu wala samadi. Bibi akitaja ekyogero, dawa ya mitishamba ya kumwogeshea mtoto, aliyoisikia kwa jirani Mganda, sibishani naye mbele ya mkwewe. Naomba tu kuoga kungoje hadi siku ya pili.

Halafu siulizi "umeelewa?" Nasema, "Nionyeshe." Wenzangu wananiambia nachelewesha foleni, na ni kweli, naichelewesha.

Juzi mama mmoja alirudi siku ya nne. Hakunisalimia hata. "Musawo, kuya hapa dirishani," akaniambia, kidole tayari kiko kwenye ncha ya pua ya mtoto.